Mawe Mfukoni mwa Mwalimu Kiptarus

Asubuhi hiyo Jesang alikuwa ameketi kando ya jiko la kuni, anashona kiatu. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimefunguka mdomo kwa mbele, na alikuwa anakifunga kwa uzi wa gunia, sindano akiisukuma kwa kifuniko cha soda maana kidole kilishachoka kutobolewa. Viatu vyenyewe vilikuwa vya Mholanzi fulani aliyekuja kufanya mazoezi Iten, akamwachia Tecla, dada yake Jesang, siku anarudi kwao. Vilimzidi Jesang, lakini ukivaa soksi mbili vinakaa.

"Leo ni spidi," Tecla akasema kutoka kitandani, macho yamefungwa. "Kula kitu."

"Nikila nitatapika."

"Basi kunywa chai. Usiende kuanguka huko watu waseme kwetu hakuna chakula."

Jesang akacheka kidogo, lakini chai akainywa nusu tu. Kila Jumanne ni spidi, mbio za kasi za kurudia, ila hii haikuwa Jumanne kama zile zingine. Mwalimu Kiptarus alikuwa ametangaza kwamba leo ndiyo siku ya kuchagua. Shule ingepeleka wasichana wawili wa mita elfu tatu kwenye michezo ya kaunti, wawili basi. Mmoja alijulikana hata kabla hajafunga kamba za viatu. Huyo ni Kemoi wa kidato cha tatu, ambaye hakuna msichana aliyewahi kumwona uso wakiwa wanakimbia, wanamjua kwa mgongo. Ilibaki nafasi moja. Na waliokuwa wanaigombania ni Jesang na Nelly, na Nelly ndiye rafiki yake.

Huko kaunti ndiko wanakokuja watu wa Polisi na Magereza kuangalia wasichana wa kuchukua. Ukionekana, umeandikwa kazi kwa sababu ya miguu yako. Jesang alikuwa kidato cha nne. Mwaka ujao hakuna shule tena, na darasani alikuwa wa kuhesabiwa kuanzia nyuma. Hakuwa mvivu. Vitabu tu havikumkubali. Tecla naye alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anakimbia vizuri, mwaka wake wa mwisho hakuchaguliwa, na sasa anafua nguo za wakimbiaji wa kigeni kule kambini. Kuna wengine kati yao Tecla angewaacha mbali hata leo, lakini jioni yeye ndiye anayesugua jasho lao.

Makofi mawili yakasikika kwenye geti. Nelly hakuwa mtu wa kuita jina, alikuwa anapiga makofi.

"Toka bibi harusi! Ama unapaka poda?"

"Nakuja, wee. Nashona kiatu."

"Shona na miguu kabisa."

Wakashuka barabarani wakikimbia taratibu, ukungu umeshika kote, pumzi zao zinatoka nyeupe. Tangu kidato cha kwanza walikuwa wanaenda hivi, bega kwa bega, Nelly anaongea na Jesang anasikiliza. Jesang hakuwa na maneno mengi. Mwalimu akimuuliza kitu mbele za watu, anaangalia chini mpaka anaachwa. Nelly ndiye aliyekuwa anamjibia. "Anasema ndiyo, mwalimu." "Anasema goti linamuuma kidogo." Hata chakula cha shuleni, Nelly ndiye aliyekuwa anamwombea kuongezwa.

"Uko na miguu leo?" Nelly akauliza.

"Niko nayo. Sijui kama itaniskia."

"Alhamisi uliniacha vibaya. Ile kilima."

"Ilikuwa bahati."

"Bahati gani na uliniacha mpaka nikaanza kuimba peke yangu." Nelly akacheka. Halafu akanyamaza, na akabaki kimya mpaka uwanjani. Jesang alifikiri ni baridi.

Uwanja wao ni wa murram, udongo mwekundu wa changarawe, mstari unachorwa kwa jivu, na upande wa mabonde kuna shimo ambalo kila mtu amelizoea na kulikwepa hata akiwa amefumba macho. Mwalimu Kiptarus alikuwa tayari amesimama pale, koti lake kubwa limemfika magotini. Anafundisha kilimo. Zamani alikimbia, na mpaka sasa akitembea unaona.

Huyu mwalimu alikuwa na tabia yake moja. Hakuwa anasema mtakimbia kilomita moja mara ngapi. Asubuhi anaokota mawe madogo, idadi anaijua yeye, anatia mfukoni. Kila mkimaliza moja, anatoa jiwe anatupa. Mawe yakiisha, mmeisha. Na kuchagua, alikuwa anachagua kwa ile ya mwisho. Zile za mbele ukiongoza zote haikusaidii kitu.

"Ukiambiwa ya mwisho ni gani," alikuwa anawaambia, "utalala kwa zingine zote uamke hapo. Mimi nataka mtu ambaye hajui na bado anaenda."

Basi wasichana wakawa wataalamu wa kuangalia mfuko. Wanaangalia umevimba ama umelala, wanasikiliza anapotembea kama kuna mlio. Kukisia hakukuwa kosa, kila mtu alikisia. Lakini kuugusa mfuko, hapana. Mtu mmoja aliwahi kuugusa, akaambiwa achukue viatu vyake aende nyumbani, na hakurudi tena kwenye timu.

Wakaanza.

Ya kwanza na ya pili zilikuwa za kupasha mwili. Walienda laini moja, Kemoi mbele, Nelly, Jesang, halafu wengine, na mwisho kabisa Brigid wa kidato cha pili ambaye alikuwa amejiunga juzi tu. Mapumziko dakika mbili, ya kutembea. Ukikaa chini unaongezewa.

"Brigid!" mwalimu akaita. "Unakimbia ama unapeleka maziwa?"

"Nakimbia, mwalimu."

"Basi usiyaogope kumwagika."

Wakacheka wote, hata Brigid. Ya tatu kicheko kikaisha. Ya nne miguu ikaanza kuwa ya mtu mwingine. Jua likatoka, ukungu ukaondoka, na ya tano ilipoisha mwalimu akavua koti. Kama kawaida akampa Nelly, maana Nelly ndiye kapteni, alitundike kwenye goli. Kila jiwe lingefuatwa huko huko golini. Jesang alimwona Nelly akienda na lile koti, amelikumbatia kama mtoto. Hakufikiria lolote. Alikuwa anatafuta hewa.

Ya sita Jesang aliikimbia nyuma ya Kemoi, akamsikia Nelly akihema nyuma yake, kuhema kuzito kwa mtu anayebeba kitu. Akajua leo Nelly hana miguu. Ilimuuma na ilimfurahisha vyote pamoja, akaona haya.

Walipokuwa wanatembea, Nelly akaja kando yake, akamwekea mkono mgongoni.

"Ndiyo hii," akanong'ona.

"Nini?"

"Ya mwisho. Nimeskia mfuko. Limebaki moja."

"Nelly! Umegusa?"

"Shh. Kwani nilibeba hilo koti kwa meno? Limebaki moja, nakuambia. Toa kila kitu."

"Una uhakika?"

"Aki ya Mungu, Jesang."

Jesang alikimbia ile ya saba kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mzunguko wa kwanza alikaa na Kemoi. Wa pili, pale kwenye shimo, akapita nje. Akamwona Kemoi uso. Kemoi alikuwa na uso wa kawaida tu, wa msichana anayekauka midomo, na akamtazama Jesang kwa mshangao. Jesang hakujibakishia kitu. Alitoa mpaka ile nguvu ya chini kabisa, ile ambayo mwili huficha kwa ajili ya kufika nyumbani. Alivuka mstari wa jivu peke yake, akaanguka kwenye nyasi kwa magoti na mikono, akatapika chai ya nusu kikombe. Machoni mwake mlikuwa na nyota. Alikuwa anacheka. Akilini alimwona Tecla akisikia habari, alimwona akiacha beseni.

Halafu akaona kwamba hakuna mwingine aliyeanguka.

Kemoi alikuwa anatembea, mikono kiunoni. Nelly alikuwa amefika mbali nyuma, karibu na Brigid, na alikuwa anatembea pia, tena taratibu. Mwalimu akaenda golini. Akatoa jiwe, akatupa. Akatia tena mkono mfukoni, akalishika jingine, akalionyesha.

"Moja," akasema. "Jesang, inuka. Hatuketi hapa."

Ya nane haina mengi ya kusimulia. Kwa mita mia mbili hivi Jesang alikuwepo. Halafu miguu ikamwambia haimjui. Nelly akampita bila kugeuka. Wakampita wengine. Mwishoni hata Brigid akampita, akasema, "Pole, Jesang," na ile pole ndiyo iliyomvunja. Alimaliza akitembea, analia kwa mdomo wazi kama mtoto, mbele ya timu nzima, yeye ambaye hakupenda kutazamwa.

Mwalimu aliwaacha wavute hewa, kisha akamjia.

"Ya saba ulikimbia vizuri kuliko msichana yeyote niliyemwona hapa. Nani alikuambia ni ya mwisho?"

Jesang akaangalia chini.

"Nauliza. Hakuna mtu anakimbia vile kama hajaambiwa. Nani?"

Alisubiri Nelly amjibie. Miaka yote hiyo Nelly ndiye aliyekuwa anamjibia. Nelly alikuwa amesimama hatua chache, anafunga kamba za viatu, anafungua, anafunga. Jesang akafikiri kwamba Nelly alikosea kuhesabu, kwamba naye anaumia, na kwamba akitaja jina, Nelly atachukua viatu vyake aende nyumbani kama yule mwingine.

"Hakuna, mwalimu."

Mwalimu hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Sawa. Kemoi na Nelly. Gari linaondoka baada ya chakula. Wengine ogeni muende darasani."

Bombani, wakiwa wananawa miguu, Brigid akamsogelea. Alikuwa bado mdogo, hajajua kipi husemwa na kipi huachwa.

"Lakini Jesang, kwa nini ulijiua vile kwa ile ya saba? Nelly si alituambia?"

"Aliwaambia nini?"

"Mimi aliniambia nisijitoe, bado kuna nyingine. Alinishika bega tukikimbia. Nikafikiri wewe ndiye alikuambia kwanza."

Jesang alibaki na mguu mmoja ndani ya maji. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata, lakini hakuutoa.

Alimtafuta Nelly darasani, hakuwepo. Ofisini kwa walimu, ndani walikuwa wanapimiwa nguo za timu, akafukuzwa mlangoni. Baada ya chakula alisimama kando ya uzio. Gari la shule likapita, watu wanaimba ndani, na Nelly alikuwa kwenye dirisha la upande ule. Alimwona. Jesang ana hakika alimwona, kwa sababu Nelly aliinama ghafla kama mtu aliyeangusha kitu.

Angeweza kwenda kwa mwalimu. Alifika mpaka kwenye mlango wa stoo ya kilimo, akamwona anapima mbegu, maana yeye angewafuata kesho yake. Angesema nini? Kwamba aliambiwa na akakubali? Kwamba alijua mfuko umeguswa na bado akakimbia kwa hesabu hiyo? Asubuhi aliulizwa mara mbili, akasema hakuna. Akarudi nyuma kimya kimya. Mwalimu hata hakuinua kichwa.

Nyumbani Tecla alikuwa nyuma ya nyumba, mikono imezama kwenye beseni, kamba imejaa suruali za kubana za rangi rangi. Alimwangalia mdogo wake mara moja tu, akajua.

"Nani?"

"Nelly."

"Alikushinda?"

Jesang akasimulia. Ilimchukua muda, maneno yalikuwa yanakwama. Tecla hakuacha kufua.

"Mimi nilijiambia ni mguu ulioniangusha," Tecla akasema mwishowe. "Mwaka wangu. Mpaka leo nasema ni mguu. Inasaidia."

"Nifanye nini?"

"Utafanya nini? Gari limeenda." Akakamua suruali moja, akaitupa kwenye beseni la pili. Halafu, bila ubaya wowote, akasukuma kipande cha sabuni kuelekea kwa Jesang. "Suuza hizo. Mikono yangu imechanika, na kambini wamekuja wengine kumi. Siwezi peke yangu."

Jesang akapiga magoti pale kwenye matope ya sabuni. Zilikuwa nguo nzuri, nyepesi, zinanuka jasho la watu wazima. Akasuuza moja, akasuuza nyingine. Akaona jinsi mtu anavyoweza kusuuza moja na nyingine mpaka azeeke, bila siku yoyote anayoweza kuionyesha na kusema hapa ndipo yalipoanzia. Hakulia. Kilio kilikuwa kimeishia kule uwanjani.

Baadaye, Tecla alipoingia ndani kuwasha moto, Jesang alifuta mikono kwenye sketi akachukua simu ya dada yake iliyokuwa juu ya kuni. Aliandika mengi. Aliandika rafiki mbaya, akafuta. Aliandika miaka yote waliyotembea pamoja, akafuta. Aliandika kwamba yeye alimficha mbele ya mwalimu, akafuta hiyo pia, maana ilionekana kama kudai. Mwishowe akatuma hivi:

"Nelly, ni Jesang. Brigid ameniambia. Sema tu ulihesabu vibaya. Ukisema hivyo nitaamini."

Alama mbili zikatokea. Zikawa buluu hapo hapo, ujumbe umesomwa. Nelly alikuwa ameshika simu.

Jesang akairudisha juu ya kuni, uso wa simu juu, mahali anapoweza kuuona akiwa ameinama. Akasuuza soksi zote, akazianika jozi kwa jozi. Akasuuza fulana. Kila alipoinuka kwenda kwenye kamba alitazama. Tecla akatoka, akauliza kama kuna aliyepiga.

"Hakuna," Jesang akasema, na akaomba aachiwe simu kidogo tena.