Nyumba ya Salvör Iliyovuka Mstari

Kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, Salvör anaigonga barometa ya ukutani, kipimo cha presha ya hewa, mara mbili kwa kifundo cha kidole. Kijijini kwao, kaskazini mwa Aislandi, kila mtu anaigonga ya kwake. Jumanne ile ya Januari mshale ulishuka, ukapita namba ya mwisho, ukapita jina la fundi aliyeitengeneza, ukagota kwenye msumari.

"Haya," Salvör akasema, akafunika sufuria ya samaki.

Presha ya hewa ikishuka hivyo, vitu vinakosa wa kuvikandamiza chini. Dhoruba ikaja, nyumba ikang'oka taratibu, ikapanda mlima hatua sitini, ikatua. Samaki hawakumwagika.

Kesho yake akaja Ketill, mtoto wa mdogo wake, karani wa halmashauri, ramani kwapani. Ramani ina mstari mwekundu: nyumba za juu yake zitafikiwa na maporomoko ya theluji, kwa hiyo halmashauri inazinunua, wenyewe wanahama. Mstari unakwenda vizuri tu, ukifika kwa Salvör unapita juu yake na kumwacha nje, halafu unateremka kukizunguka kibanda cha likizo cha mwenyekiti wa halmashauri, jirani yake wa chini, ili nacho kinunuliwe. Miaka tisa Salvör anaomba nyumba yake inunuliwe ahame.

"Mama mkubwa, uko eneo la hatari. Toka."

"Si ndiyo nawaambia kila mwaka? Ninunueni basi."

"Kwenye ramani nyumba yako iko kule chini. Iko salama."

"Na hii niliyomo ni ya nani?"

Ketill akatazama ramani, akatazama nyumba. "Hii haipo."

"Basi usiegemee mlango wake."

Ijumaa presha ikapanda kupita kiasi. Hewa ikawa nzito hata moshi ukashindwa kutoka kwenye bomba, na nyumba ikasukumwa chini mpaka pale pale ilipokuwa mwanzo. Ketill akaandika: imerudi yenyewe, kwa hiari. Akaleta na kamba nene ya meli ya uvuvi, nyumba isije ikaivuruga ramani tena. Wakaifunga wote wawili, kona zote nne.

"Kaza hapo!" Salvör akasema. "Mikono gani hiyo, kama ya mwenyekiti wako?"

Wakaingia ndani kunywa kahawa. Salvör akaigonga barometa mara mbili.

"Inashuka?" Ketill akauliza.

"Inashuka."

Ketill akaimaliza kahawa kwa mkupuo mmoja, akaondoka kwenda kwake, ng'ambo ya ghuba, kwenye tambarare, ambako maporomoko hayafiki.