Maoni ya Watu Sitini na Mmoja

Saa moja kasoro asubuhi, siku ya Jumatatu, Mama Njia alifika kwenye lango la msitu akisukuma toroli lake, na ufunguo wake ukakataa kuingia kwenye kufuli. Akaupangusa kwenye sketi, akajaribu tena. Ndipo alipoinama na kuona kwamba kufuli lenyewe lilikuwa jipya, bado lina stika ya dukani.

Jina hilo la Mama Njia alipewa na watu wanaokuja msituni. Kwa miaka kumi na nane baraza la mji lilikuwa limemwajiri kutunza njia za pale: kufyeka, kuzibua mifereji ya mvua, kukata miti iliyoangukia njiani, kurudishia mawe ya ngazi yanapong'oka. Msitu ulianzia nyuma ya hospitali ukapanda hadi kileleni, na ulikuwa wa kila mtu. Wagonjwa waliopata nafuu walitembezwa mle. Wanafunzi walikimbia mbio zao mle. Wachumba wasiokuwa na pa kukaa walikaa mle, na Mama Njia akipita na toroli alikuwa anakohoa kwa mbali ili wapate muda wa kujiweka sawa. Hakuna aliyewahi kuulizwa anakwenda wapi.

Kwenye kibanda cha mabati ambacho Ijumaa hakikuwepo alitoka askari mwenye mvi, kavaa sare ya kampuni asiyoijua. Alimwamkia kwa adabu, akamwambia kuingia sasa ni kwa tiketi. Mama Njia akamweleza kwamba yeye ndiye mfanyakazi wa humu. Askari akasema amesikia, lakini watu wa baraza hawamo kwenye orodha aliyopewa.

Walikuwa bado wanaelezana, akatokea mzee mmoja mwenye sukari, ambaye daktari alimwamuru atembee kila asubuhi, naye kwa miaka minne hakuwa amekosa hata siku moja. Mzee akasoma bei iliyobandikwa kibandani. Hakuuliza kitu. Aligeuka na mkongojo wake akarudi alikotoka, taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo muda wote alikuwa analingojea.

Kule kugeuka kwake bila neno ndiko kulikomchemsha damu Mama Njia. Angelalamika, labda asingekasirika vile. Aliliacha toroli palepale katikati ya lango, likizuia gari lolote lisipite, akashika njia ya ofisi za baraza.

Kwenye ubao wa matangazo alikuta karatasi imebandikwa chini kabisa, chini ya tangazo la mbwa wasio na chanjo. Ilisema msitu umekodishwa kwa kampuni moja ya burudani kwa miaka thelathini na mitatu. Vitajengwa vibanda vya kulala wageni, njia za baiskeli, na kamba za watu kuning'inia na kuteleza juu ya miti. Mwisho iliandikwa kwamba wananchi walishirikishwa na kuridhia.

Mama Njia hakukumbuka kushirikishwa. Alipanda ghorofani masjala, kwa karani mmoja mama mnene ambaye humuuliza kila mara lini atamletea mche wa maua, akaomba faili. Karani alisita, akasema faili hilo si siri ila halitoki nje ya kaunta. Akalisukuma mbele yake.

Mkataba aliuruka. Alikwenda nyuma, kwenye viambatisho, kutafuta huo mkutano wa wananchi. Akaupata: muhtasari wa kurasa mbili, na orodha ya mahudhurio ya watu sitini na mmoja, wenye sahihi zao na, kwa wasiojua kuandika, dole gumba. Alisoma jina la kwanza, la pili, la tatu. Mkono uliochora mistari ya orodha ile ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Ilikuwa orodha ya siku ya usafi. Miezi mitano nyuma, Jumamosi moja, aliwaita watu wa mtaani waje kusaidia kuondoa majani na uchafu msituni baada ya mvua kubwa, wakaja sitini na mmoja, wakafanya kazi hadi mchana bila malipo. Aliwaandika ili vifaa visipotee: namba, jina, sahihi, na safu ya mwisho yenye kichwa "Kifaa", kuonyesha nani kachukua nini. Sasa kichwa cha ukurasa kilikuwa kimefunikwa kwa kipande cha karatasi na kutolewa nakala, kikasomeka: Mkutano wa Wananchi Kuhusu Mradi wa Burudani. Juu ya safu ya mwisho, pale palipoandikwa "Kifaa", palipigwa chapa neno "Maoni".

Chini yake maoni ya wananchi yalikuwa kama alivyoyaandika. Panga. Reki. Jembe. Reki. Panga, butu. Ndoo mbili.

Mama Njia akamuuliza karani kama anaweza kupiga picha. Karani akasema hawezi kumruhusu, kisha akampa mgongo na kuanza kutafuta kwenye kabati kitu ambacho hakikuwa kimepotea. Alitafuta kwa muda wa kutosha.

Orodha ile Mama Njia alikuwa amempa mtu mmoja tu. Ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, afisa michezo na burudani wa baraza. Alikuja mwenyewe nyumbani kuichukua, akisema ataitumia kuombea glavu na buti za wanaojitolea. Huyu shemeji aliishi nao miaka sita akisoma. Alikula chakula cha Mama Njia, na sare zake za shule zilishonwa na kaka yake, ambaye ni fundi cherehani, kwenye mashine ileile iliyopo sebuleni hadi leo.

Alimpigia simu akamwambia aje jioni. Hakumwambia kuna nini.

Shemeji alikuja, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, na alipowekewa mbele simu yenye picha zile hakukana. Hilo nalo lilimuudhi Mama Njia, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kupambana na uongo. Shemeji alianza kueleza kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto hesabu. Tangu lini baraza limewahi kumnunulia yeye hata buti? Msitu unasimama kwa huruma yake tu, siku akistaafu utageuka jalala. Kampuni italeta taa, vyoo, ulinzi. Mkutano wa kweli ungechukua miezi, na mwekezaji angekwenda mji mwingine. Isitoshe, watu wale wale walikuja kuusafisha, kwa hiyo wanaupenda, kwa hiyo wanataka uendelezwe. Sahihi ni zao.

"Hukuogopa mtu ataisoma?" Mama Njia akamuuliza.

"Shemeji, nani husoma viambatisho?"

Mumewe alikuwa anashona muda wote huo, mguu haujaacha pedali. Akasema bila kuinua uso kwamba wapunguze sauti, majirani wanasikia.

"Kuna nafasi yako pale," shemeji akaendelea. "Nimeshazungumza nao. Utakuwa msimamizi, na sare. Wataanza kuja watu wa kweli sasa."

"Watu wa kweli ndio wepi?"

Shemeji akatazama nguo zilizotundikwa ukutani, za wateja wa kaka yake, nyingi zenye viraka.

"Wenye uwezo, shemeji. Unanielewa."

Mama Njia alimwelewa. Alisimama, akachukua sahani iliyokuwa mbele ya shemeji, bado ina chakula, akaipeleka jikoni, na hakurudi sebuleni hadi aliposikia mlango umefungwa. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji ya vyombo na vyombo vyote vilikuwa safi. Alikuwa na hasira na shemeji, na baraza, na zaidi alikuwa na hasira na yeye mwenyewe, kwa jinsi alivyoikunja orodha ile vizuri na kumtilia kwenye bahasha ili isichafuke.

Mumewe alikuja akasimama mlangoni, tepu ya kupimia bado ipo shingoni. Mama Njia alitegemea aambiwe anyamaze, kwamba ni ndugu yao.

"Kesho ukianza kuzungukia watu," fundi akasema, "anza na mama. Asisikie kwa wengine."

Kwa kuwa mama mkwe naye alikuwa kwenye orodha. Namba thelathini na nne. Siku ile ya usafi alikuja na kanga kiunoni, akagombania toroli na vijana akalipata, na kwenye safu ya maoni iliandikwa: Toroli, gurudumu bovu.

Aliposomewa, bibi yule hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama ni kweli mwanawe ndiye aliyefanya. Akauliza tena. Kisha akaomba asomewe mara ya tatu ili ashike vizuri namba yake.

Kwa siku mbili Mama Njia alipita nyumba kwa nyumba, akimwonyesha kila mmoja wa wale sitini sahihi yake na maoni yake. Wengine walicheka hadi machozi, kisha wakanyamaza ghafla. Fundi bomba mmoja alikasirika mpaka akamtukana yeye Mama Njia, kwa sababu ndiye aliyemwekea kalamu mkononi, naye akayapokea matusi bila kujitetea. Wawili walimwambia wana kazi serikalini na hawataki kujiingiza. Yule mzee mwenye sukari, namba tisa, reki, alisema atakuja hata kama ni kwa kubebwa.

Kamati ya ardhi ilikaa Alhamisi kwenye ukumbi wa baraza, kikao cha wazi cha kusikiliza taarifa ya mradi ule. Ukumbi una viti themanini, na siku hiyo watu walisimama hadi kwenye ngazi. Mwenyekiti, diwani mwenye miwani ya kamba, alitangaza kila msemaji ana dakika tatu. Mwanasheria wa kampuni akatumia zake kueleza faida za hewa safi. Shemeji alikaa nyuma ya meza ya maafisa, karatasi zimepangwa mbele yake.

Mama Njia alipopewa nafasi hakuhutubia. Aliomba katibu asome kiambatisho cha nne, safu ya maoni, kwa sauti, kuanzia namba moja. Mwanasheria akapinga. Mwenyekiti, ambaye ni dhahiri hakuwahi kukifungua kiambatisho hicho, akasema hakuna ubaya, maoni ya wananchi yasomwe.

Katibu akaanza. "Panga. Reki. Jembe. Reki." Akasimama, akageuza ukurasa kuangalia kama amekosea. Akaambiwa aendelee. "Panga, butu. Ndoo mbili. Panga."

Kicheko kilianzia ngazini kikaingia ukumbini, na mwenyekiti akagonga meza. Mama Njia hakucheka. Alipokwisha kuwatazama wakubwa wale mmoja mmoja, akaeleza karatasi ile ni ya nini, ilichorwa na nani, na nani aliyekabidhiwa. Akasema hawakuibiwa msitu tu. Waliibiwa jasho la siku ile, likaenda kugeuzwa ridhaa, na aliyefanya hivyo aliwajua kwa majina.

Mwenyekiti akamgeukia afisa burudani. Shemeji akasema huenda kulitokea kosa la kiofisi wakati wa kuambatisha.

Ndipo mama yake akasimama. Alikuwa mstari wa tatu, na hakuomba nafasi.

"Mimi ni namba thelathini na nne," akasema. "Nilichukua toroli nikalirudisha. Mwanangu, mimi nilikubali nini?"

Shemeji akapanga tena karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani hukuniuliza. Niulize hapa."

Hakumuuliza. Bibi alibaki amesimama, na hata mwenyekiti alipomwomba akae, hakukaa, hadi kikao kikaahirishwa.

Kesho yake lango lilifunguliwa, na amri ikatoka kwamba mkataba usimamishwe kwa siku sitini ili mkutano wa kweli ufanyike. Ulifanyika. Walikuja watu zaidi ya mia nne, kila mmoja akasema kwa kinywa chake hapana. Shemeji alihamishiwa idara ya maji, kwa mshahara uleule. Mama Njia alipewa barua ya onyo kwa kupiga picha nyaraka za ofisi.

Kisha uamuzi ukatoka. Nusu ya chini ya msitu ibaki kwa wananchi. Nusu ya juu, pamoja na kilele, ibaki kwa kampuni, kwa sababu wakati mkataba ukiwa bado hai, katika zile siku lango lilipokuwa limefungwa, kampuni ilikwisha kukata miti ya huko, na hivyo eneo hilo, barua ilisema, halina tena hadhi ya msitu.

Mama Njia aliisoma sentensi ile akiwa amesimama, akaisoma akiwa amekaa. Watu wengi walimpongeza. Walimwambia nusu si haba, miji mingine wamepoteza wote. Shemeji alikuja siku moja hadi mlangoni, hakukaribishwa ndani, akasema, "Shemeji, si yameisha?" Mama Njia akamjibu kwamba kwake yeye shemeji labda yameisha. Mama mkwe anapokea salamu za mwanawe, lakini chakula anachomletea anawapa majirani mbele ya macho yake.

Sasa waya wa kampuni unakatisha msitu katikati, na unaikata njia kuu palepale ambapo ngazi za mawe zinaanza kupanda kwenda kileleni. Mama Njia alizijenga ngazi zile mwenyewe, mia moja na kumi na mbili, katika viangazi viwili. Baraza lilimwandikia aikunje njia kabla ya kufika pale, aizungushe kushoto irudi bondeni, ili wageni wasifike kwenye waya na kusumbua. Walimletea hadi mchoro.

Hajaikunja. Anaifyeka kila wiki, pana na safi, iende moja kwa moja hadi waya unapoanza. Watu wanapanda wakihema, wanafika, wanashika waya, wanaziona ngazi upande wa pili. Akiwa karibu, wanamuuliza njia imekuwaje. Anaweka panga chini na kuwaeleza yote, tangu mwanzo, na majina ya idara zilizohusika. Mumewe humwambia hasira zitamuumiza bure. Anajibu kwamba bado watu wengi mjini hawajapanda hadi pale, na hajamaliza.