Filamu Aliyoifasiri Bi Kaltham

"Yule mzee si mumewe, Kaltham! Mume gani anabisha hodi kwake mwenyewe?"

"Anabisha hodi kwa kuwa ndani mna mke mwenza! Wallahi wewe Shukriya hutazami filamu, unatazama sinia ya halua."

Shukriya alikwisha toka kwa hasira, kafika kwake, lakini ugomvi haukuisha, basi aliuendeleza kutoka juu ya ukuta. Sisi wanawake wa mtaa tumejaa kwa Bi Kaltham, video imesimamishwa, mzee kaganda kwenye televisheni mkono juu. Ibra hiyo, Omani, mwaka tisini na tatu, Jumatano baada ya alasiri. Asubuhi soko la wanawake, jioni filamu kwa Bi Kaltham. Ndiyo ilikuwa wiki yetu.

Bi Kaltham ndiye mfasiri wetu. Kakulia Unguja, jirani na Wahindi, na kwa kauli yake mwenyewe sinema alikaa zaidi ya chuoni. Huketi kwenye mkeka ubavuni mwa televisheni, na kila anayefungua kinywa mle ndani, yeye hutwambia kasema nini. Wanawe wote wamehamia Maskati. Zile kaseti ndizo zilizomjazia nyumba, na hilo kila mtu alilijua, yeye kuliko sote.

Kaseti hii mumewe, Muhanna, aliipata Sur, mji wa pwani, alipokwenda kununua samaki. Muuzaji kasema ni filamu ya Kihindi, kubwa, imeliza watu. Basi. Jumatano tatu mfululizo tuliitazama, tukimlilia yule bibi aliyeletewa mke mwenza.

"Nitakuletea shahidi!" alisema Shukriya. Huyu mtu wa Tabora, Kihindi hajui hata salamu, lakini macho anayo. "Selvam, fundi wa nguo. Kila ukimwendea unamsemesha Kihindi, naye anakujibu Kiarabu. Hujajiuliza kwa nini?"

Bi Kaltham akafunga na kufungua ncha ya kanga yake. "Mlete," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hatukumzoea nayo.

Selvam akaja, utepe wa kupimia bado u shingoni. Tukajitanda vizuri, akawekewa kiti barazani, televisheni ikageuzwa kuelekea mlangoni. Shukriya kasimama kizingitini kama askari. Kitufe kikabonyezwa, mzee akashusha mkono, mlango ukafunguliwa, na mara tukawa matangani. Selvam akaruka kitini.

"Hadha ana!" akapiga kelele kwa Kiarabu chake cha dukani. "Yule mimi! Mwenye shati la buluu!"

Kumbe filamu ilipigwa kijijini kwao, karibu na Madurai, kusini ya India, mwenyewe wakati huo ana miaka ishirini. Na lugha ile Kitamil; Kihindi yeye hakijui. Yule maiti shangazi yake, mzima wa afya, na kila baada ya muda alikuwa akiinuka juu ya machela kudai chai. Waliokodiwa kulia wakavunjika mbavu kwa kucheka. Siku ya tatu mwongozaji kachoka, kaagiza pilipili kavu zichomwe kwenye makaa, upande upepo unakotokea. Kijiji kizima kikalia. Wapiga picha wakalia, mwongozaji kalia, mpaka ng'ombe.

"Na magazeti ya mjini yakaandika," akasema Selvam, "kilio cha kweli namna hii hakijapata kuonekana!"

Tulicheka hata mwenzetu Asya akamwaga kahawa. Shukriya hakucheka.

"Haya, sema. Mzee ni nani?"

"Baba yake yule bibi. Na yule mwanamke mwengine dada yake. Wanagombania kisima."

"Na mke mwenza?"

"Mke mwenza hakuna."

Bi Kaltham kainamisha uso.

"Sikijui," akasema. "Kihindi nnakijua, haki ya Mungu. Hiki siku ya kwanza sikukamata hata neno moja. Lakini mlikwisha kaa, kahawa ishamiminwa. Nikasema, nitawarudisha vipi?"

Bi Aliya, mkubwa wetu, akakohoa. "Kaltham mwanangu, mie nilijua tangu siku hiyo. Maiti keshafunikwa uso, nawe unatwambia anamuusia mwanawe asimwamini wifi."

"Na hukusema?"

"Nikataka kujua huyo wifi kafanya nini!"

"Kisima!" akasema Asya, kakunja uso kama aliyelishwa shubiri. "Wiki tatu natoa machozi, kumbe kisima!"

Selvam kainua kidole barazani. "Mama, filamu hii nimeiona mara kumi na moja. Huyo mke mwenza, mwishowe alimfanya nini?"

Bi Kaltham akamtazama, akatutazama na sisi. Hakuna aliyeinuka. Akajifuta macho, akairudisha kaseti nyuma. Ndipo akamwona Shukriya anatafuta makubadhi yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu. Ushindi wenyewe hakuna anayeutaka."

"Thubutu! Usiponibishia wewe, nitafasiri vipi? Asya, mpelekee Selvam sahani barazani. Na wewe, bibi wa Tabora, yaache hayo makubadhi. Boko boko limeiva. Ingia ule."