Maji ya Ini

Fundi bomba alifika asubuhi na mfuko wake wa spana, akavua viatu mlangoni, akaanza kusikiliza. Mwenye nyumba, mchinjaji wa machinjio ya mji, alimweleza kuwa kuna tone linaanguka mahali fulani na mkewe hapati usingizi. Fundi akafunga koki kuu. Tone likaendelea. Akatega sikio ukutani, chini ya sinki, kwenye tangi. Mwishowe akaomba radhi, akainama karibu na mama mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua maharage huku ameshika ubavu.

"Mama, mabomba yako hayana kasoro," alisema. "Anayevuja ni wewe."

"Nilihisi," mama akajibu. "Ngoja basi unywe chai."

Mchinjaji aliijua sauti ile. Kondoo wengi walioletwa machinjioni walikuwa nayo, na mbuzi, na ng'ombe. Akiwapasua alikuta ini limebeba vifuko vya maji, vyeupe, laini kama yai lisilo na ganda. Daktari wa mifugo, aliyezunguka mashambani na porini akisikiliza, alisema swala nao wanadondosha, na pundamilia, na nguruwe pori. Upepo ukitulia, ukisimama kwenye uzio wa hifadhi utadhani mvua inaanza. Hakuna aliyeshtuka. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Maini hayo mchinjaji aliwarushia mbwa nyuma ya ukuta, kwa sababu shimo la kuyafukia lilijaa zamani na wakubwa walisema lingine litachimbwa. Mbwa mmoja alimfuata nyumbani. Wakamwita Shemeji, maana saa ya kula hakukosa. Alilala jikoni na kumlamba mama mikono.

Daktari wa mifugo alipoitwa, alisikiliza ubavu wa mama, kisha akamtazama Shemeji.

"Minyoo imo ndani ya huyu," alisema. "Anaipata kwenye maini mnayomtupia. Mayai yake yanatoka na kinyesi. Kondoo anayameza na majani. Mkeo kayameza humu humu jikoni."

"Kwa hiyo ni mimi," mchinjaji akasema.

Daktari alifunga mkoba wake. Yeye alitibu wenye kwato, akawaelekeza hospitali. Hospitali wakasema huo ni ugonjwa wa mifugo.

"Ningekuwa kondoo," mama alisema njiani, "mngeshanichinja nikapumzika." Akacheka, na kicheko kikamuuma.

Alifariki mchana mmoja, kifuko kilipopasuka. Maji yalijaa chumba kizima, na dada zake wakadeki kabla wageni hawajaingia. Tone likakoma. Mchinjaji alilia mpaka sauti ikamkauka, kwa kuwa ukimya ule ulimkata maini kuliko kilio cha watu. Shemeji alifukuzwa kwa mawe. Saa ya kula akarudi.

Baada ya maziko mchinjaji akarudi kazini. Shimo lilikuwa bado limejaa. Alitoa ini lenye maji, akasimama nalo mkononi, na kondoo kwenye foleni wakamsubiri, wakidondosha.

"Pole sana, kaka," msimamizi alimwambia. "Lakini lirushe, kazi isilale."

Akalirusha. Mbwa wakagombana nyuma ya ukuta.

Jioni alikaa sebuleni, binti yake akiosha vyombo jikoni. Akasikia tone. Akasubiri. Likaanguka jingine.

"Mwanangu, funga koki."

"Nimeshafunga, baba."