Mbavu za Kigoda

Nilipovunja kigoda cha mama cha bafuni, nilimfuata dada yangu kiwandani kwao, anakochora maumbo ya ndoo na mabeseni ya plastiki. Siku hizo alikuwa anachora kigoda kipya. Nyumbani wananiita Bonge, na si bure.

"Hiki kifanye kinene," nilimwambia. "Kinene kama tofali."

"Unene siyo uimara, Bonge."

Mimi nina hasira za karibu. Nikafoka kwamba hilo hata mtoto analijua. Aliniwekea mezani kipande kinene, cha moto, kilichotoka tu mashineni, akaniambia nikae nikiangalie. Kadiri kilivyopoa ndivyo kilivyobonyea katikati, kama shavu la kibogoyo.

"Nje kimeshaganda, ndani bado kinasinyaa," alisema. "Kinajivuta chenyewe."

Kigoda chake kilipotoka, kilikuwa chembamba, unene uleule kila mahali. Kuta zilitanuka kidogo kuelekea chini, ili kichomoke kwenye kalibu, chuma kinachokipa umbo, bila kung'ang'ania, na upande wa ndani alipanga mbavu nyembamba zilizopishana kama wavu. Nikakikalia kwa ubishi, nikaachia uzito wote. Hakikulia hata kidogo.

Nilimpelekea mama, nikakipindua na kumweleza kila ubavu, kana kwamba nimechora mimi.

Mama bado anaoga amesimama. Kigoda kiko sebuleni juu ya kabati, kimepinduliwa, wageni waone kazi ya mwanawe.