Mume Pembeni mwa Picha

Mama Cherehani alikuwa anakunja upindo wa sketi ya shule, mguu kwenye pedeli, jicho moja kwenye sindano na jingine kwenye televisheni, pale mumewe alipotokea upande wa kulia wa kioo. Hakutokea kwenye picha yenyewe. Alitokea kwenye ule mstari mpana mweusi ulio pembeni mwa picha, ambako kwa kawaida hakuna kitu, amesimama wima na nguo zake za kazi, mabega ameyabana kwa sababu nafasi ilikuwa finyu.

Mama Cherehani alimaliza upindo kwanza, maana mwenye sketi alikuwa anaisubiri. Kisha akakata uzi.

"Wifi," akaita, "njoo umwone mdogo wako."

Wifi yake alikuwa amekaa kwenye kochi anashona vifungo. Akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Ndiye," akasema. "Amekonda. Huyo aliyemchukua hapiki."

Akarudi kwenye vifungo vyake.

Kipindi chenyewe kilikuwa ni ufunguzi wa Ukumbi wa Mikutano. Kila mwaka, wiki ya maadhimisho ikifika, kituo hurudia picha hizo asubuhi, mchana na jioni: Mheshimiwa anashuka garini, Mheshimiwa anapunga mkono, Mheshimiwa anakata utepe na kucheka. Zilipigwa kwa kamera za zamani na umbo lake linakaribia mraba. Televisheni ya Mama Cherehani ilikuwa mpya na pana, aliyoinunua baada ya kituo kuhamia HD na kuanza kurusha picha zinazonaswa bure kwa antena ya juu ya paa. Mraba haujazi kitu kipana, kwa hiyo picha ilikaa katikati ikaacha weusi kushoto na kulia. Kwenye ile televisheni yake ya zamani, ya chogo, ufunguzi huo ulijaa kioo chote na mumewe hakuwa na pa kusimama.

Mumewe huyo, aliyeitwa Mrefu kwa sababu alikuwa mrefu, alikuwa fundi wa zege. Aliujenga ukumbi ule tangu msingi. Siku ya mwisho ya kumimina nguzo hakurudi nyumbani, wala wenzake wa zamu hawakurudi kwao. Kampuni ya ujenzi ilisema mafundi wameingia mitini, na kwa kuwa ilisema kwa karatasi yenye mhuri, ikawa kweli. Ndugu wa mume wakatia chumvi yao: mwanaume haondoki bure, lazima kuna mwanamke. Baada ya muda mwanamke huyo asiyekuwepo alipewa mtaa wa kuishi, rangi ya ngozi na aina ya msuko. Mama Cherehani akabaki mke wa mtoro. Wateja walimpa pole na kumwomba awapunguzie bei kwa pumzi moja.

Sasa mtoro alikuwa amesimama pembeni mwa sherehe, zege bichi linamchuruzika viwikoni, amenyoosha kidole kuelekea kwenye picha. Hakumnyooshea Mheshimiwa. Alikuwa anaonyesha nguzo ya tatu, nyuma ya viti vya wageni. Alikaa hivyo mpaka kipindi kikaisha. Taarifa ya habari, ambayo ni ya kamera za kisasa, ilipoanza ikajaza kioo mpaka kwenye kona, na yeye akaondoka. Chini ya meza ya televisheni kulikuwa na vumbi la kijivu, Mama Cherehani akalifagia.

Alikuwa na furaha mpaka akaiogopa. Kumwona tu ilikuwa jambo, lakini kubwa zaidi ni kwamba amemwona pale pale alipokuwa siku zote, kazini. Mtu hawezi kuwa ametoroka mahali ambapo bado amesimama. Siku ya kilele cha maadhimisho mji mzima hukaa mbele ya televisheni, na mji mzima ukimwona Mrefu, lile jina la mtoro litamtoka, na lake la mke wa mtoro litamtoka pia. Usiku huo alilala vizuri.

Kesho yake akapita kwa majirani kuuliza kama wamemwona. Hakuna aliyemwona. Nao walikuwa na televisheni pana, na kwenye rimoti zake kulikuwa na kitufe cha umbo la picha chenye chaguo tatu, Asili, Vuta na Kuza, na mtaa mzima ulikuwa umechagua Vuta. Hapakuwa na mtu aliyekubali kununua kioo kizima halafu pembe zake zilale bure. Picha zilivutwa huku na huku mpaka weusi ukafunikwa. Vichwa vya watu vikawa na upana wa matikiti, mechi za zamani zikachezwa kwa mpira wenye umbo la yai, na wenye televisheni wakaapa kwamba wanaona vizuri kuliko zamani. Waliposikia kwamba televisheni ya Mama Cherehani bado ina weusi pembeni, walimwonea huruma kweli, wakamtumia fundi.

Fundi alifika mchana, kipindi kikiwa hewani. Akakagua waya wa antena, akabonyeza rimoti, akatikisa kichwa.

"Mama, hii siyo mbovu," akasema. "Picha za zamani ni nne kwa tatu. Yaani upana ukigawa sehemu nne, kimo ni tatu. Hiki kioo chako ni kumi na sita kwa tisa, kimepanuka zaidi. Sasa ukiiacha picha ya zamani bila kuilazimisha, lazima ibaki nafasi huku na huku. Huo weusi siyo ugonjwa. Ni pale kamera ilipoishia."

"Na mume wangu yuko hapo."

Fundi akachungulia. "Kweli yuko. Na huku kushoto naona wengine wamebanana." Akatoa kitambaa mfukoni akawapangusia kioo kwa adabu. "Nikuwekee Vuta?"

"Ukivuta atakwenda wapi?"

"Ataondoka tu, mama. Wateja wangu wote nimewavutia, sijapata malalamiko."

Mama Cherehani akamshukuru na kumnyang'anya rimoti. Kisha akavaa gauni lake la kutokea, akaenda kituoni.

Meneja wa kituo alikuwa mtu mstaarabu. Alimpeleka mpaka chumba cha mitambo, akampa kiti kinachozunguka, akamsikiliza mpaka mwisho. Ombi lilikuwa dogo: siku ya kilele, kabla ya kipindi kuanza, mtangazaji awaambie watu waweke picha kwenye Asili, kwa sababu kuna waume za watu pembeni.

"Tunawaona, mama," meneja akasema. "Wapo tangu tulipohamia HD. Kusema kweli wana nidhamu, hawaingilii picha. Shida yetu ni weusi. Simu hazikatiki hapa. Watu wanasema tunawaibia pembeni."

"Na hakuna aliyeuliza hao wa pembeni ni nani?"

"Kuna mtazamaji mmoja aliuliza. Alitaka tuwaongezee mwanga."

Meneja alikuwa ameahidi kwamba siku ya kilele weusi hautaonekana, hata kwa mtu aliyeacha televisheni yake kwenye Asili. Kituo kingeumaliza kabla picha haijaondoka kituoni. Mbele ya Mama Cherehani akajaribu kuvuta. Mheshimiwa akapanuka. Mashavu yakakimbiana, tumbo likaenda kulia na kushoto kwa wakati mmoja, na Mrefu akasukumwa mpaka ukingoni, akageuka ubavu apate kupumua, japo hakuwa na haja ya kupumua.

"Haiwezekani," meneja akasema, akijifuta jasho. "Mheshimiwa yuko kwenye mazoezi ya kupunguza tumbo. Nikimtoa hewani hivi namwaga unga."

Akajaribu kukuza. Picha ikakua yote kwa pamoja, bila kumnenepesha mtu, mpaka upana wake ukatosha kioo. Lakini kilichozidi juu na chini kikakatwa. Juu likaondoka paji la uso la Mheshimiwa pamoja na jina la ukumbi, chini ukaondoka mkasi pamoja na utepe. Akabaki mtu asiye na paji, anachekelea kitu ambacho hakionekani.

"Hili nalo ni tusi," meneja akasema.

"Basi iache ilivyo."

"Ilivyo ina weusi, mama."

Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtu kwamba maji yana unyevu. Papo hapo simu ikaita. Meneja alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, uso ukamchanua. Alipokata, alichukua kalamu akachora mistatili miwili iliyosimama, mmoja kila upande wa karatasi.

"Mambo yameisha," akasema. "Weusi umepata mpangaji."

"Wapangaji wapo tayari."

"Hao hawana mkataba, mama."

Akamsindikiza mpaka getini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Mama Cherehani hakukata tamaa, kwa kuwa hakujua mpangaji ni nani. Alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi watu waweke Asili, kwa saa moja tu, kwa ajili yake. Wengi walikubali, wengine kwa kumpenda na wengine kwa umbea, na wasioamini rimoti zao wakaja kutazama kwake. Jioni ya kilele sebule ilijaa mpaka watu wakakalia vitambaa vya wateja. Yeye alikaa karibu kabisa na kioo, amejipaka wanja, kitu ambacho hakukifanya tangu aitwe mke wa mtoro.

Kipindi kikaanza. Mheshimiwa akashuka garini, katikati, umbo lake la siku zote. Kulia kwake kulikuwa na mfuko wa saruji uliosimama wima kuanzia juu ya kioo mpaka chini. Kushoto kulikuwa na mwingine kama huo. Kila mfuko ulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: IKISHIKA, HAIACHII.

"Afadhali," jirani mmoja akasema. "Sasa picha imejaa."

Wengine wakaunga mkono. Ilisifiwa rangi, ikasifiwa na mifuko yenyewe, jinsi ilivyotoka safi. Mama Cherehani alisimama akakipiga kioo kofi. Alikuwa na hasira ya kuvunja vitu, na kama televisheni isingekuwa na mumewe ndani angeivunja.

Ndipo Mrefu alipotoka. Hakuwa na namna: katikati kulikuwa na wageni waalikwa na pembeni kulikuwa na saruji. Alitanguliza mguu, akainamisha kichwa asigonge fremu, akakanyaga sakafu na kusema hodi akiwa tayari ndani. Watu wakamwitikia karibu. Mmoja akampisha kigoda, kigoda kikavunjika kwa uzito, akaletewa kingine cha chuma. Nyumba ya tatu kutoka pale na mtaa wa juu walipokea wageni wa namna hiyo pia jioni hiyo, na kila mmoja alijua njia ya kwenda kwao.

Wifi aliweka sindano pembeni. Alimtazama mdogo wake kuanzia utosini mpaka kwenye buti.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Kwenye nguzo," Mrefu akajibu. Sauti ilikuwa na mchanga.

"Nguzo ndiyo nani?"

"Nguzo ya tatu."

"Ya tatu!" Wifi akawageukia majirani. "Mnasikia? Kumbe kulikuwa na ya kwanza na ya pili."

"Nguzo ya ukumbi!" Mama Cherehani akapiga kelele. "Lazima jukwaa lilivunjika, wakaangukia ndani, watu wakaendelea kumimina! Mwangalieni! Mguseni mkono!"

Majirani wakamgusa mkono mmoja mmoja. Ulikuwa mgumu na wa baridi. Wakasema pole kwa safari, wakauliza kama kipindi kitarudiwa kesho, wakaaga.

Asubuhi, taarifa ya habari ilisomwa kwa kamera za kisasa, kumi na sita kwa tisa kamili, hakuna weusi hata wa kupitisha wembe. Kampuni ya ujenzi ilisema imefurahi kusikia kwamba mafundi waliotoroka kazini wamerejea salama kwa familia zao. Ilisema haina kinyongo nao na haitawachukulia hatua yoyote. Mheshimiwa, ambaye kipindi chake kilikuwa kimefadhiliwa na kampuni ya saruji, alisema familia ni msingi wa taifa.

Mrefu alisikiliza yote akiwa amekaa kwenye kigoda cha chuma, magoti hayakunjiki, mikono ameilaza juu ya mapaja. Mama Cherehani alikuwa amepiga magoti mbele yake na beseni la maji ya moto, anamchokonoa zege kwenye kucha kwa ncha ya mkasi. Kucha moja ilikuwa imetoka safi. Machozi yalikuwa yanamdondokea ndani ya beseni na hakuyafuta, kwa sababu alikuwa na mumewe mkononi na bado alikuwa mke wa mtoro.

Wifi aliwatazama muda mrefu kutoka kwenye kochi. Roho ikamlainika. Akasogea, akamwekea Mama Cherehani mkono begani.

"Msamehe tu, wifi," akasema. "Si amerudi mwenyewe? Wanaume ndivyo walivyo."