Uchawi wa Kukatiana Kitambaa

Uchawi aliokuwa akiutunga Fundi ulikuwa wa mezani tu, wa dadu na penseli, wala haukupaswa kumdhuru mtu. Lakini ulimfukuza dada yake nyumbani kwake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kusimulia. Fundi, mshona nguo siku sita za wiki, alisimulia safari. Mumewe, dada yake na binamu yao kinyozi walikuwa mashujaa wa safari hiyo, na dadu iliamua nani anaanguka na nani anasimama. Aliuanzisha mwaka aliofariki mama yao, ili kila Jumamosi mchana ndugu wapate sababu ya kukaa meza moja. Uchawi haukuwa na orodha ya kukariri. Mchezaji aliutunga papo hapo kwa kuunganisha maneno mawili, tendo na kitu: fungua mlango, washa jiwe. Fundi alijiona amevumbua jambo. Kumbe alikuwa amemkabidhi mumewe rungu.

Mumewe kazi yake ilikuwa kutandaza nyaya za umeme, lakini wote walimwita Wakili, maana angeweza kubishana na kivuli chake akakishinda. Wiki tatu zilizopita dada mtu, ambaye ni mkunga, alitumia "tuliza mto" ili wenzake wavuke mafuriko. Wakili akasema mto uliotulia bado una kina. Mkunga akasema uchawi ni wake, yeye ndiye anayejua alichokusudia. Wakavutana dakika arobaini! Mwishowe Wakili akaropoka, "Ungekuwa mtu wa kusikia la mwenzio, shemeji, usingekuwa unaishi peke yako."

Ulimi hauna mfupa. Mkunga alichukua mkoba wake akaondoka, na tangu hapo hakupokea simu za mdogo wake. Wakili naye, mwenye maneno ya kujaza gunia, alikosa moja dogo la kuomba radhi.

Fundi alijaza daftari zima kanuni mpya. Kila alipoziba tundu, mumewe alionyesha jingine. Jibu lilimjia akiwa kazini. Mteja alileta kipande kisichotosha hata blauzi, akitaka gauni refu la mikono mipana. Fundi hakubishana naye. Alikitandaza mezani, akalaza tepu ya kupimia juu yake, wakakitazama wote wawili. Mteja mwenyewe akasema, "Basi nishonee sketi."

Usiku huohuo alimwandikia dada yake. Jibu lilikuwa fupi: "Nakuja mara moja tu. Nikisikia ubishi, msinitafute tena."

Jumamosi Mkunga alichelewa, na kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, pembeni ya Wakili. Fundi alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa viti. Aligawa tepe za kitambaa, kila mmoja wa urefu wa mkono, akaweka mkasi katikati ya meza.

"Omba uchawi wowote unaoutaka," alisema. "Mchezaji aliye kulia kwako haruhusiwi kukataa. Yeye anaamua tu uchawi huo utakula kitambaa kiasi gani, halafu anakata. Utepe ukiisha, na uchawi wako umeisha."

"Hakuna kukataa?" Wakili alishangaa. "Sasa mimi nitacheza na nini?"

"Na mkasi, mume wangu."

Binamu aliomba punda mfu aimbe. Mkunga akamkatia vidole viwili vya kitambaa, bila kucheka. Wakili, mtu wa kujionyesha, aliwasha viatu vyake, akawasha kofia, akawasha na ndevu, na binamu akakata mpaka utepe ukaisha. Ndipo dadu ikamgeuka, shujaa wake akatumbukia kisimani. Hakuwa hata na uzi. Mwenye utepe mzima alikuwa Mkunga, ambaye tangu aketi hakuwa amemwangalia shemeji yake usoni.

Fundi alijua Mkunga akisema "abaki humo humo", Jumamosi zao zimekwisha.

"Namtoa," Mkunga alisema polepole. "Nakiambia kisima kibane, kiachie, kibane, kiachie, mpaka atoke kichwa kwanza." Akamsukumia Wakili utepe wake wote. "Haya, kata."

Wakili alishika mkasi. Alitazama utepe, akamtazama aliyeutoa. Kisha akachomoa uzi mmoja pembeni, mwembamba kama unywele, akaukata.

"Uzi tu?" binamu akauliza.

Wakili hakujibu. Kwa mara ya kwanza tangu aoe katika ukoo ule, hakuwa na la kusema.

"Mtoto akitoka kimya mimi huwa namfinya," Mkunga alimwambia. "Toa sauti."

"Shemeji," Wakili alisema. "Lile neno la siku ile halikuwa la kumwambia mtu. Nisamehe."

"Huyo sasa anapumua," Mkunga akasema, na kicheko kikamtoka, kilekile cha mama yao. Fundi alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba wiki tatu. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Mkunga aliukunja utepe wake, akautia mkobani, kisha akaujaribu mkasi kwa kidole.

"Huu wako butu," alisema. "Jumamosi nitakuja na wangu."

Mtu mwingine yeyote angemwambia Fundi hivyo, angetimuliwa. Fundi alikubali mara moja kwamba mkasi ni butu.